Shemeji anasema kupanga mbizi ni woga

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mke na mama, na tangu mwaka jana ni mpiga mbizi mwenye cheti cha mwanzo, kile kinachoniruhusu kushuka hadi mita 18. Nilifundishwa na mwalimu mkali kwenye maji tulivu, nikafaulu, nikaupenda mchezo. Shida yangu ni hewa. Kila tulipozama, mtungi wangu ndio uliokwisha kwanza na kundi zima likalazimika kupanda kwa ajili yangu. Wenzangu wakaniita Mla-Hewa. Nilicheka pamoja nao, lakini jina liliniingia.*

*Mwezi ujao tunasafiri familia nzima kwenda kwenye pwani ya maji ya vuguvugu yenye miamba ya matumbawe. Mdogo wake mume wangu amepiga mbizi miaka mingi na ameshatupangia sisi wawili siku ya mwisho. Mbizi ya kwanza saa sita mchana, kwenye ukuta wa mwamba, mita 28, maana anasema huko ndiko kwenye mambo. Ya pili saa kumi jioni, kwenye matumbawe ya kina kifupi, tutoke majini saa kumi na moja. Kesho yake saa mbili asubuhi tunapanda ndege. Nimetazama kalenda: siku hiyo ni siku mbili baada ya mwezi mpevu. Mwalimu alituambia mwezi una jambo lake baharini, ila nimesahau ni jambo gani.*

*Nilipomwuliza tutapangaje, alinijibu: "Shemeji, kompyuta ya mkononi itakuambia kila kitu. Wewe nifuate tu. Mipango ni ya waoga." Mume wangu hapigi mbizi, ananiomba nisilete ubishi kwenye safari ya furaha.*

*Kwenye kitabu changu, mbizi ya mwisho niliiandika hivi: mtungi wa lita 11, nilianza na 200 bar, nikatoka na 50, kina cha wastani mita 10, dakika 33. Shemeji yeye hewa humtosha saa nzima na nyingine hubaki.*

*Naomba unisaidie mawili. Mbizi hupangwaje hasa, mtu akiwa hana mwalimu wa kumpangia? Na nimwambieje shemeji bila kuonekana mwoga wala kumkosea heshima?*

*Mla-Hewa*

*N.B. Amenizawadia kamera ya majini. Niibebe?*

Marahaba mwanangu.

Shemeji yako si mtu mbaya, na pengine majini ni hodari kweli. Lakini kompyuta anayoisifia kazi yake kubwa ni moja, kukadiria naitrojeni iliyoingia mwilini mwa yule aliyeivaa. Ile iliyo mkononi mwake haijui mtungi wako umebaki na nini. Haijui mkondo utageukia wapi baada ya nusu saa, wala cheti chako kimeandikwa mita ngapi, wala kwamba kesho asubuhi una ndege. Hayo huamuliwa na watu wawili waliokaa chini, wakavu, kabla suti hazijavaliwa. Mkishazama mdomo umezibwa, na mjadala wa vidole haufiki mbali.

Mimi hupanga mbizi kwa kurudi nyuma. Naanza na pale ninapotaka kuwa yote yakishakwisha, yaani nimeketi salama ndani ya ndege, kisha narudi hatua kwa hatua hadi kwenye swali la mwisho kabisa: tushuke mita ngapi? Shemeji ameanza na mita 28, halafu mengine yote anayabana yatoshe humo. Hayatoshi, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Tuanze na ndege. Ukiwa chini unavuta hewa iliyogandamizwa, na naitrojeni yake huyeyuka kwenye damu na misuli. Ukipanda polepole hutoka kupitia mapafuni bila kukusumbua, ila nyingine hubaki mwilini kwa saa nyingi baada ya wewe kukausha nywele. Ndani ya ndege ya abiria presha ya hewa ni ndogo kuliko ya ufukweni. Ni presha ya mlima wa mita 2,000 hivi, wakati mwingine zaidi. Ile naitrojeni iliyobaki yaweza kutoka kwa fujo na kufanya viputo, na viputo ndivyo vinavyoleta ugonjwa wa mgandamizo: maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, uchovu usio na sababu. Mwongozo wa Divers Alert Network, shirika linaloshughulikia usalama wa wapiga mbizi, ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima vya kusimama wakati wa kupanda, na angalau saa 18 ukiwa umezama zaidi ya mara moja kwa siku au siku kadhaa mfululizo. Mkitoka majini saa kumi na moja jioni, hadi saa mbili asubuhi ni saa 15.

Hapo hakuna mjadala. Mbizi zote mbili zihamie asubuhi, na ya pili iwe imekwisha kabla ya saa nane mchana. Mimi ningesema saa saba, maana boti huchelewa, mtu husahau mkanda wake, mwingine hutapika. Bora zaidi ni kuzihamishia siku ya kabla yake, halafu siku ya mwisho ukaogelee na watoto.

Sasa hewa, maana hili ndilo linalokuumiza. Chukua kalamu.

Juu ya maji presha ni 1 bar, na kila mita 10 za kina huongeza 1 nyingine. Kwa hiyo kwenye mita 10 presha ni 2, na kila pumzi hubeba hewa maradufu ya ile ya juu. Wewe ulitumia 150 bar za mtungi wa lita 11, yaani lita 1,650. Zigawe kwa dakika 33, unapata lita 50 kwa dakika. Zigawe tena kwa 2, presha ya kina chako cha wastani: lita 25. Hiyo ndiyo namba yako, kiasi cha hewa unachovuta kwa dakika kama ungekuwa juu. Iandike ukurasa wa kwanza wa kitabu, uifanyie hesabu upya kila baada ya mbizi, utaiona ikishuka. Waliozoea wengi huwa kati ya 15 na 20, wengine chini ya hapo. Mtu mwenye cheti kipya kuwa na 25 ni jambo la kawaida kabisa. Hao waliokuita Mla-Hewa sidhani kama wanazijua namba zao wenyewe.

Kabla ya kuuliza mtakaa chini muda gani, ulizeni kwanza: hewa ya kupandia ni kiasi gani? Wengi hujibu 50 bar kwa sababu ndivyo walivyosikia. Lakini 50 ni kiasi cha kufika nacho juu. Cha kuondokea chini ni kingine, nacho hupimwa kwa siku mbaya: mtungi wa mwenzako umegoma, nyote wawili mnavuta kutoka mtungi mmoja, na mna hofu. Tuseme kila mmoja anavuta lita 30 kwa dakika, wawili 60. Mko mita 14. Dakika moja ya kutulia na kushikana vizuri inakula lita 144. Kupanda kwa mita 9 kwa dakika, tuseme dakika mbili, lita 204. Kituo cha usalama cha dakika tatu kwenye mita 5, lita 270. Jumla lita 618, ambazo kwenye mtungi wako ni 56 bar. Ongeza kidogo kwa sababu geji nazo husema uongo, mnaondoka chini ikifika 70. Na siku njema, ukipanda peke yako kwa pumzi zako za kawaida kutoka kwenye 70 hiyo, utafika juu na zile 50 zinazosemwa.

Fanya hesabu ileile kwa mita 28 za shemeji. Dakika moja ya kutulia, kupanda dakika tatu, kituo: lita 930. Hiyo ni 85 bar, tuseme 90. Umeanza na 200, kwa hiyo una 110 za kutumia, nawe huko chini unavuta lita 95 kila dakika, karibu 9 bar. Zitakutosha dakika 12 hivi, na humo umo mwendo wa kushuka. Jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi, kwa mbizi za burudani huruhusu dakika 20 kwa mita 30, maana yake hewa yako itakwisha kabla naitrojeni haijawa tatizo. Shemeji akiwa anavuta lita 14, atakuwa ametumia nusu na kidogo tu ya sehemu yake. Yeye ataangalia kompyuta, itamwambia yote ni shwari. Na kweli kwake ni shwari.

Halafu kuna cheti. Mita 18 si uzio, hakuna askari kwenye mita 19. Ila cheti kinasema umefundishwa na kujaribiwa hadi hapo. Karibu na mita 30 naitrojeni huanza kulewesha akili; mtu anajiona yuko vizuri, anatazama geji na haisomi. Wanaofuata taratibu hukufanyisha mafunzo ya kina kirefu kwanza, na hata hayo huishia mita 30 au 40, ambayo ndiyo kikomo cha mbizi za burudani. Bima nyingi nazo hutazama kilichoandikwa kwenye cheti. Ukuta wa mita 28 shemeji anaweza kwenda na mtu wa daraja lake, hautahama.

Nawe hupotezi kitu. Matumbawe huishi kwa mwani mdogo uliomo ndani yao, na mwani huo unataka mwanga wa jua. Ndiyo maana bustani iliyojaa ni ile ya kina kifupi, penye rangi, kwa kuwa maji humeza wekundu mapema sana unaposhuka. Kwenye kina kirefu, bila taa, damu ya kidole chako itaonekana kijani. Pono, kasa, mkunga anayechungulia pangoni, pweza ukiwa na macho ya kuwatafuta, wote utawakuta ndani ya mita 15 za mwanzo.

Basi mpango wako: kina kisizidi mita 14, wastani 12. Hapo unatumia 5 bar kwa dakika. Kutoka 200 hadi 70 ni dakika 26, ukijumlisha na kupanda ni zaidi ya nusu saa kidogo. Jedwali nililolitaja linatoa dakika 98 kwa mita 14, kwa hiyo kwa mbizi hiyo moja naitrojeni hata haikaribii. Mkiwa mnakwenda na kurudi njia moja, gawa zile 130 mara mbili. Mmoja wenu akifika 135 mnageuka. Mimi ningesema 140 kwa kuwa inasomeka upesi. Mmoja wenu, si wote wawili. Na bila shaka utakuwa wewe, na hakuna ubaya wowote.

Mbizi ya pili iwe na kina kifupi kuliko ya kwanza, tuseme mita 8 hadi 10, baada ya kukaa juu saa moja au zaidi mkinywa maji. Naitrojeni ya asubuhi bado imo, na kompyuta hapo inafanya kazi yake halali. Nawe vaa ya kwako. Usiazime ya mtu aliyezama jana na kina kingine, wala usitegemee ya shemeji. Hizi kompyuta na majedwali ni wajukuu wa kazi ya mwanasayansi John Scott Haldane na wenzake waliotoa jedwali la kwanza la kisayansi mwaka 1908 baada ya kuwafungia mbuzi kwenye chumba cha presha. Mbuzi waliokuwa wakichechemea ndio waliomwonyesha amekosea kasi ya kushusha presha. Kwa hiyo shemeji akisema kompyuta inajua kila kitu, ajue mizizi yake imo kwenye magoti ya mbuzi.

Mwezi. Mwalimu wako alikuwa anazungumzia bamvu. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, na siku mbili tatu baadaye, maji hujaa sana na kupwa sana, na maji mengi yanayopita kwa saa zilezile hupita kwa nguvu, hasa kwenye milango ya mwamba na pembeni mwa kuta. Siku mliyochagua imeangukia katikati ya bamvu. Kama safari ingeruhusu kusogea wiki moja hadi maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, ningesema sogeeni. Kama hairuhusu, tafuteni saa ambayo maji yanasimama kidogo kati ya kujaa na kupwa, na muulizeni nahodha wa pale, si jedwali peke yake. Kuna miamba ambayo mkondo husimama muda mrefu baada ya maji ya ufukweni kugeuka, na anayejua ni yule anayetia nanga hapo kila siku. Saa zilizopangwa na shemeji, sita na kumi, sioni kama zilitoka kwenye maji. Zimetoka kwenye chakula cha mchana.

Mkishafika, tazameni kamba ya nanga inavyolala. Anzeni kwa kuupanda mkondo, ili wakati wa kurudi, ukiwa umechoka na hewa imepungua, ukubebe. Ukiishika kamba na mapezi yako hayakusogezi mbele, pandeni, mbizi imekwisha kabla haijaanza, na hamtakuwa wa kwanza. Chukueni boya la kupuliza na filimbi, kila mtu lake. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi hakionekani toka mbali, na rafadha haina macho.

Kuhusu kupunguza ulaji wako, kuna njia, na hakuna hata moja ya kubana pumzi. Usijaribu kuruka pumzi ili uokoe hewa. Kabonidayoksaidi hujaa, kichwa huuma, mwili hudai hewa zaidi kuliko ulivyookoa, na ukibana pumzi huku unapanda mapafu yanaweza kupasuka: hewa iliyojaza mapafu kwenye mita 10 inataka nafasi maradufu ikifika juu. Vuta polepole, toa polepole zaidi.

Mchawi wako mkubwa, nakisia, ni vizito. Wanafunzi hubebeshwa vizito vingi ili wazame bila taabu, kisha hukaa chini wakijaza jaketi hewa ili wasizame zaidi, wakipiga miguu kama waendesha baiskeli mlimani. Hewa yote huishia hapo. Mwishoni mwa mbizi, ukiwa na 50 bar, elea juu karibu na boti, toa hewa yote kwenye jaketi, shika pumzi ya kawaida. Maji yakiishia machoni, na ukitoa pumzi ukazama taratibu, vizito vinatosha. Ukizama kabla hujatoa pumzi, punguza kilo moja, jaribu tena. Pima mtungi ukiwa karibu mtupu, si mwanzoni, kwa kuwa hewa ina uzito. Mtungi wako ukitoka 200 hadi 50 hupoteza kama kilo 2, na mitungi ya alumini ikipungua hewa hutaka kuelea. Ukisahau hilo utashindwa kutulia kwenye kituo cha usalama.

Kunja mikono. Anayeogelea kwa mikono chini ya maji anajichosha bure. Funga geji na bomba la akiba karibu na mwili, zisiburute kwenye mwamba. Na vaa suti hata kama maji yana vuguvugu. Maji huchukua joto la mwili kwa kasi mara 20 na zaidi kuliko hewa. Kwenye nyuzi 28 hutaona baridi dakika ya kumi, utaiona mbizi ya pili, na anayetetemeka huvuta hewa kama aliyekimbizwa. Milimita 3 zinatosha watu wengi.

Haya, shemeji. Usimwambie anakosea, mtu mzima akiambiwa amekosea mbele ya kaka yake atatetea hata kosa ambalo hakulifanya. Mwombe msaada, kwa kuwa kweli unauhitaji, na mpe namba. Mwambie hivi: "Shemeji, mimi nimepiga hesabu zangu. Navuta lita 25. Kwenye 140 nageuka, kwenye 70 napanda, na mita 14 ndio mwisho wangu. Naomba tuzame wote mbizi hiyo. Ukuta ukautazame siku nyingine na mwenzako." Huo si ubishi. Ni mwenyeji kumwambia mgeni mlango wa nyumba uko wapi.

Akicheka, mwulize swali moja tu: geji yako ikiwa 120 na yangu 70, tunafanyaje? Mpiga mbizi mzuri atajibu bila kufikiri. Akijibu kwamba atakupa kinywa chake cha akiba mwendelee kutalii, usizame naye. Hewa ya akiba ni ya kupandia. Chukua kiongozi anayetambulika pale mnapokwenda, umwonyeshe cheti na kitabu chako, uzame naye kwa raha zako. Shemeji mtaonana chakula cha jioni na heshima itakuwa palepale. Mume wako naye mpe kazi, asikae kama mtazamaji: mwachie karatasi yenye saa mtakayozama, saa mtakayokuwa juu, jina la chombo, na namba ya dharura ya pale. Ulizeni pia kama chombo kina oksijeni. Dalili za ugonjwa wa mgandamizo mara nyingi hujitokeza ndani ya saa 24, na mtu wa kwanza kuona mwenzake anachechemea huwa ni yule wa nyumbani.

Yaliyobaki ni madogo na mnayamaliza mkivaa. Kagueni vifaa vya kila mmoja, nawe vuta pumzi tatu nne ukitazama geji: mshale ukicheza, vali haijafunguka sawasawa. Kubalianeni ishara, hasa kwamba dole gumba juu maana yake tupande na halikataliwi. Mkipoteana, tafuteni dakika moja, kisha kila mtu apande mkutane juu. Masikio yasawazishe mapema na mara kwa mara, kuanzia mita ya kwanza, kwa kuwa presha hubadilika kwa kiwango kikubwa zaidi karibu na uso wa maji. Ukiwa na mafua, usizame. Dawa ya kufungua pua inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, ukashindwa kupanda bila maumivu.

Na mwamba usiuguse. Tumbawe la mviringo hukua milimita chache kwa mwaka, na kiatu kimoja huvunja kazi ya miaka. Tena usalama ni wako: samaki jiwe hulala hapo akifanana na jiwe lenyewe, na mwiba wake ukikuingia huduma ya kwanza ni kuloweka kidonda kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kama nyuzi 45, huku mkimkimbilia daktari. Kikande mkubwa akilinda mayai hukushambulia, na eneo analolilinda hupanuka kwenda juu, kwa hiyo mkimbie kwa kwenda pembeni. Kwa jua, fulana ya mikono mirefu ni bora kuliko mafuta; Hawaii ilipiga marufuku kuanzia 2021 kuuza yale yenye oksibenzoni na oktinoksati kwa kuhofia matumbawe.

Kamera? Mshukuru shemeji sana, na uiache kwenye boti. Mwenye kamera hatazami geji, hatazami mwenzake, hushuka mita mbili bila kujua akimfuata samaki, na hushikilia mwamba apate kutulia. Namba yako ikishuka hadi 20 na ukaweza kukaa dakika tatu kwenye mita 5 bila kushika kamba, ibebe.